Karatasi Chini ya Kitanda

Mwaka 2007, chini ya kitanda changu kulikuwa na karatasi za mitihani 212 ambazo hazijasahihishwa. Zilikuwa za mwaka wa pili, somo la Sheria ya Katiba, na tarehe ya kupeleka matokeo ilishapita wiki tatu. Kila usiku nilizivuta, nikawasha taa mbili, nikasogeza karatasi hadi ikanigusa pua. Nilisoma neno moja nikapoteza lililofuata. Nikazirudisha mvunguni.

Mimi ni mwalimu wa sheria. Nilianza mhadhiri msaidizi, nikawa profesa, na kwa miaka sita nikawa amidi. Wanaonialika kuzungumza hupenda nieleze nilivyopanda. Leo nitaeleza nilivyojificha, maana hapo ndipo nilipoumia kweli.

Nilichoficha ni ugonjwa wa presha ya macho. Maji ya ndani ya jicho yanabana, mshipa unaopeleka picha kwenye ubongo unakufa taratibu, mara nyingi bila maumivu yoyote. Uwezo wa kuona huanza kuliwa pembeni. Mbele unaona vizuri, kwa hiyo hujui kama kuna kilichopotea. Kilichokufa hakirudi; matone na upasuaji hulinda kilichobaki tu. Mahali pa kwanza nilipokwenda waliniandikia miwani, nikatembea nayo mwaka mzima. Daktari aliyenipima presha, mwaka 2003, aliniuliza kama nyumbani kuna asiyeona. Nikamtaja baba. Kwetu Muleba walisema amerogwa na jirani kwa ajili ya mpaka wa kibanja, na jirani yule alizikwa na lawama ile.

Nikarudi kazini nikanyamaza. Miaka minne.

Nilifika darasani kabla ya watu ili nihesabu hatua kutoka mlangoni hadi mezani. Nikipewa waraka kikaoni, nilisema nimesahau miwani. Mihadhara niliishika kichwani usiku, na wanafunzi wakasifu kwamba Mama hatazami karatasi. Lililonishinda ni salamu. Mtu alinipita ubavuni, akaniamkia kwa kichwa au kwa mkono, nami nikaendelea na safari yangu. Wenzangu wakaanza kusema uprofesa umenipanda kichwani. Katika nchi hii unaweza kusamehewa deni, lakini kumpita mtu bila salamu hakusahauliki.

Binti wa kaka yangu, niliyekuwa nikiishi naye, aligundua zile karatasi alipokuwa akifagia. Akachuchumaa pale mlangoni.

"Shangazi, nikusomee?"

Nilimkatalia kwa ukali. Karatasi ya mtihani ni siri ya mtahiniwa, haisomwi na mtoto wa nyumbani. Sababu ilikuwa ya kweli, ila nakiri niliifurahia, maana ilinipa namna ya kuendelea kuficha. Wiki ile ile nikapata barua ya kunitaka nijieleze ndani ya siku saba.

Siku ya tano mvua ilinyesha. Nilikuwa naelekea darasani, nikakosa ukingo wa mtaro, nikaingia mzima mzima mbele ya wanafunzi. Daftari likaenda na maji. Walinitoa, nikakataa kurudi nyumbani. Nikaingia darasani na gauni la matope, nikafundisha kesi ambayo sijawahi kuhitaji karatasi kuifundisha: Ephrahim dhidi ya Holaria Pastory, Mahakama Kuu Mwanza, 1990. Mama wa Kihaya amerithi shamba la baba yake kwa wosia. Mila inamruhusu alitumie maisha yake yote, lakini kuliuza hawezi, mwanamume anaweza. Akaliuza kwa mtu asiye wa ukoo, mtu wa ukoo akamshitaki. Jaji Mwalusanya akasema mila hiyo haiwezi kusimama mbele ya Tamko la Haki lililoingizwa kwenye Katiba mwaka 1984. Mama yangu mwenyewe alitolewa kwenye migomba aliyoipanda. Kesi ile naijua kama jina langu.

Nilipomaliza, sikuondoka. Nikasema, "Kuna jambo sijawaambia. Siwaoni."

Hakuna aliyekohoa. Kisha sauti ya kijana kutoka nyuma ikasema, "Mama, tulikuwa tunajua. Tulikuwa tunakusubiri."

Barua nikaijibu kwa ukweli. Mkubwa mmoja akanishauri, kwa upole kabisa, niombe kustaafu kwa sababu za afya. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ilikuwa bado, ilitungwa mwaka 2010. Nilichokuwa nacho ni ibara ya 22 ya Katiba, inayosema kila mtu anayo haki ya kufanya kazi. Nilikuwa nimeifundisha miaka na miaka bila kudhani itanifaa mimi. Nikaomba msomaji mmoja aliyekula kiapo cha siri. Chuo kikanipa, na karatasi 212 zikaisha kwa siku kumi na sita.

Kompyuta nayo nilifundishwa kuitumia kwa masikio. Nilitumia NVDA, programu ya bure inayosoma skrini kwa sauti, iliyoanzishwa Australia mwaka 2006 na kijana asiyeona. Mwanzoni ilinisomea Kiswahili kwa lafudhi ya Kizungu, nikacheka hadi machozi; Katiba ya Jamhuri ikisomwa na mtalii.

Nilipoteuliwa amidi, nilitia sahihi kwa kadi ngumu iliyokatwa dirisha dogo, kalamu isipotee nje ya mstari. Kikaoni kila mtu alitaja jina lake kabla ya kusema, na kila waraka ulisomwa kwa sauti. Vikao vikafupika. Wengi hawakuwa wamewahi kuyasikia maandishi yao wenyewe, na nadhani waliona haya.

Sasa sioni hata mwanga. Mdogo wangu wa mwisho nilimkokota kwenda kupimwa, akakutwa na presha ile ile. Anatia matone kila siku, na gari bado anaendesha mwenyewe. Nawe, kama baba, mama au ndugu yako alipofuka pole pole na mkasema ni uzee au ni jirani, usiridhike na kuandikiwa miwani. Mwambie daktari akupime presha ya macho, na umtajie huyo ndugu yako.