Kitambulisho Chako Kiko Wapi?

Natafutia wazee wahudumu wa kuwatunza nyumbani, hapa Busia. Msichana akija kuomba kazi, kabla ya kumuuliza alisomea wapi, namuuliza kitambulisho chake kiko wapi.

Wengi wanatoka Uganda. Kuvuka ni rahisi: kitambulisho cha taifa kinatosha, na asiye nacho atapitishwa njia za panya na bodaboda. Ajenti ndiye analipa nauli, halafu anakaa na kitambulisho, eti kisipotee. Hapo deni limeanza. Mshahara unapitia kwa ajenti, na deni haliishi.

Sheria ya Kenya ya 2010 inampa mlanguzi wa binadamu kifungo kisichopungua miaka 30, ama faini isiyopungua shilingi milioni 30, ama vyote viwili. Lakini polisi hawaingii chumba cha mgonjwa. Mimi naingia.

“Madam, nauli nilitoa mimi,” ajenti mmoja aliniambia.

“Lete risiti nikurudishie. Kitambulisho kirudi leo.”

Alikataa. Familia iliyokuwa inangoja mhudumu ikaenda kwa mwingine. Pesa hiyo niliihitaji sana. Msichana alipata kitambulisho chake siku tatu baadaye. Sasa mshahara wake unaingia kwa simu yake mwenyewe.