Ukitoka Isiolo na Filamu Mkobani

Kamera za filamu, zile ambazo wazazi wetu walizificha kabatini simu zilipoingia, zimerudi mikononi mwa vijana. Ikiwa nawe unayo, msomaji, na unasafiri kwenda Isiolo, soma haya kabla hujafunga mkoba.

Vya kupiga picha huko havikosekani. Mjini utakutana na Waborana, Wasomali, Wameru, Waturkana na Wasamburu. Waombe ruhusa kwanza, hasa wazee. Kaskazini mwa mji kuna mbuga za Buffalo Springs na Samburu, mto Ewaso Nyiro ukipita kati yake. Hapo yupo punda milia wa Grevy mwenye milia myembamba, na swala twiga anayesimama kwa miguu ya nyuma kula majani. Jua ni kali, kwa hivyo usiiache filamu ndani ya gari lililofungwa.

Taabu huanza wakati wa kurudi. Tuseme umempiga picha nyanya yako mlangoni mwake, naye ni mkongwe, hujui kama utamkuta mwakani. Sura yake imo ndani ya filamu, lakini hakuna aliyeiona. Sasa unataka kupanda ndege Nairobi uende masomoni ng'ambo. Katika uwanja wa Jomo Kenyatta mkoba hupita kwenye eksirei mlangoni, kisha tena kabla ya kupanda ndege. Miale hiyo huichoma filamu kama mwangaza, na picha hutoka na ukungu. Madhara nayo hujumlika kila inapopita.

Filamu ya ASA 100 huvumilia mashine za kawaida mara chache. Ya 800 haina subira hiyo. Mashine mpya za CT, ambazo viwanja vingi duniani vimeanza kutumia, zinaweza kuharibu filamu yoyote kwa kupita mara moja tu. Zinazokagua mizigo ya tumboni mwa ndege ndizo kali zaidi, kwa hivyo usiitie filamu sandukuni kamwe. Ishike mkononi, katika mfuko wa plastiki unaoona ndani, ufike mapema, umwombe afisa kwa adabu aikague kwa mkono. Anaweza kukataa. Mfuko wa risasi haukusaidii sana, kwani afisa asipoona kilichomo atakuamuru uufungue.

Mimi ningeshauri filamu isipande ndege kabla ya kusafishwa. Toka Isiolo kwa basi, kilomita 285 hivi, barabara ile ile inayoleta maziwa ya ngamia Eastleigh, kisha uisafishe Nairobi. Ikishasafishwa, eksirei haiidhuru tena. Hapo hapo toa nakala mbili: moja uende nayo, na nyingine umpe dereva wa basi airudishe Isiolo, maana wenye kamera wana tabia ya kuondoka na picha zote huku nyanya akingoja.