Jumatatu Saa Tisa

Bango lilikuwa la mbao, limepakwa rangi nyeupe, limetundikwa kwenye mlango wa stoo tulimoweka mafyekeo. Lilikuwa na kanuni saba, na ya sita naikumbuka neno kwa neno: mfanyakazi haruhusiwi kucheza, wala kushika fimbo ya mwanachama isipokuwa kwa kazi. Niliisoma mwaka 1988, siku ya pili tangu nishuke kwenye basi.

Kwetu Msata miaka ile kijana aliyemaliza shule alikuwa na njia mbili: jembe la wazee au barabara ya Segera. Mabasi ya Moshi na Arusha yalisimama pale njia panda, abiria wakanunua mahindi ya kuchoma, yakaondoka na vijana wetu. Mimi nilikuwa na jirani anayepika kwenye klabu moja ya gofu huko kaskazini. Klabu hiyo sitaitaja, kwa kuwa watu wake wengi wako hai na wengi wao walinitendea wema. Nilipofika nilikuwa na miaka kumi na tisa na sijawahi kuuona mpira wa gofu.

Viwanja vingi vya bara wakati ule havikuwa na grini za majani kama hizi zinazoonyeshwa kwenye televisheni. Shimo lilikaa katikati ya duara la mchanga uliochanganywa na oili chafu, na duara lile tuliliita brauni. Oili huushika mchanga, upepo usiupeperushe na mvua isiuchimbe. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kuchekecha mchanga, kuumiminia oili iliyokusanywa gereji, na kuuchanganya kwa koleo mpaka ukiufumbata kiganjani unabaki bonge bila kuacha oili mkononi. Oili ikizidi, mpira unanata. Ikipungua, mpira unakimbia kama uko juu ya sakafu. Kisha unaburuta gunia lililofungwa kwenye ubao, unaanzia shimoni, unazunguka kuelekea nje, mpaka brauni yote inalala kama shuka lililonyooshwa. Wachezaji wanne wakipita, nyayo zao zinabaki, unaanza upya.

Kwa kazi hiyo nilizijua brauni kuliko mtu yeyote aliyelipa ada pale. Ya shimo la nne ilielemea kushoto, kuelekea mferejini, kidogo sana, jicho halioni. Niliona wanachama wa miaka ishirini wakipiga mpira mahali pale, unapinda, wanautazama kana kwamba umewasaliti. Mimi maji ya mvua yalikuwa yamenionyesha. Lakini sikuwa na ruhusa ya kuupima ujuzi huo kwa mpira hata mmoja.

Tulicheza kwa kuiba. Nyuma ya nyumba za wafanyakazi tulifukia kopo la maziwa ya unga, na usiku wa mwezi mpevu tulikuwa watano, tuna fimbo moja. Ilikuwa chuma namba saba kilichovunjika mpini, tukakiunganisha na kipande cha bomba, tukazungushia mpira wa ndani wa baiskeli mahali pa kushikia. Kilikuwa kizito, na ukipiga vibaya mikono inakufa ganzi hadi kwenye kiwiko. Usiku mmoja mlinzi mpya alitukuta, wanne tukakimbia, mmoja akabaki na fimbo mkononi. Alikuwa na miaka sita kazini. Asubuhi alikabidhi buti na koti la mvua pale stoo, chini ya lile bango, akaondoka. Naamini mpaka leo kwamba alidhulumiwa. Kosa lake lilikuwa kuupenda uwanja alioutunza.

Makedi wakubwa, wale wanaowabebea wachezaji mabegi ya fimbo, ndio walionisimulia habari za mchezaji wa gofu Seve Ballesteros. Baadhi yao walikuwa wakivuka mpaka kwenda Nairobi wakati wa Kenya Open, mashindano yaliyoanza mwaka 1967, na Seve aliyashinda mwaka 1978. Kwao jambo kubwa halikuwa ushindi. Kubwa ni kwamba alikuwa mtoto wa kijiji cha Pedreña, Hispania, akibebea matajiri mabegi kwenye uwanja ambao hakuruhusiwa kuucheza, akajifunza kwa chuma kimoja ufukweni na kwa kunyemelea uwanjani usiku. Mwaka uleule wa 1988 nilioanza kazi, alishinda Open ya Uingereza kwa mara ya tatu. Nilipoambiwa hayo nilikuwa na oili mpaka kwenye viwiko, na nilijua barabara mwezi wa kule Pedreña ulivyokuwa.

Mabadiliko yalikuja mwaka 1996, na aliyeyaleta ni mnyapara wetu, mzee wa Kipare aliyesema maneno machache kwa wiki nzima. Kamati ilimwita kuuliza kwa nini brauni zinaharibika upesi. Akasema, "Waheshimiwa, sisi tunazitengeneza, lakini hatujui mpira unavyopita juu yake. Mpishi asiyeonja mnamlaumu kwa nini?" Kepteni mpya alikuwa mtu wa kusikiliza. Wiki mbili baadaye kanuni ya sita ilipakwa rangi nyeupe, na chini yake ikaandikwa kwamba wafanyakazi wataruhusiwa kucheza Jumatatu kuanzia saa tisa alasiri, kazi ikishakwisha.

Jumatatu haikuchaguliwa kwa bahati. Klabu nyingi duniani huupumzisha uwanja siku hiyo baada ya vishindo vya Jumamosi na Jumapili, na ndiyo huachiwa makedi na watumishi. Hata Augusta National kule Marekani, ambako watu wenye mamilioni hawapati nafasi ya kukanyaga, wafanyakazi wana siku yao moja kwa mwaka, mwezi Mei, kabla uwanja haujafungwa kwa majira ya joto. Yetu ilikuwa kila wiki. Masharti yalikuwepo: usilete mgeni, usiingie baa, usitumie mipira ya mazoezi, ukikuta mwanachama uwanjani umpishe. Tuliyakubali yote.

Jumatatu ya kwanza tulikuwa kumi na mmoja, tumevaa mashati ya kanisani na ya Ijumaa. Fimbo tulizokuwa nazo zilikuwa nne, za kuazimwa kwa makedi. Kwenye shimo la nne mpira wangu ulifika brauni kwa mapigo matano. Nilisimama pale nilipoburuta gunia kwa miaka minane, nikalenga kulia kwa shimo upana wa kiganja, nikagusa. Mpira ulikwenda taratibu, ukapinda kushoto, ukaingia. Mnyapara hakupiga makofi. Alisema tu, "Unaona?" Kesho yake nilikwenda peke yangu na koleo nikajaza upande wa mferejini, kwa sababu sasa nilikuwa nimeuona mteremko ule kwa macho ya mchezaji.

Baada ya hapo uwanja ulibadilika kwa namna ambayo hakuna aliyeiandika kwenye daftari. Mfyekaji aliyepoteza mipira miwili kwenye majani marefu ya shimo la saba hakungoja kuambiwa yafyekwe. Dereva wa trekta aligundua mwenyewe kwamba magurudumu yake yanaacha makovu pale ambapo mipira mingi hutua.

Kuna jambo moja bado linaniuma. Makedi, ambao hata hawakuwa waajiriwa, maana walilipwa na mchezaji kwa kila mzunguko, walikuwa na mashindano yao ya Desemba miaka mingi kabla yetu. Kedi akijua mchezo, mwanachama anafaidika papo hapo: anaambiwa tumia chuma namba nane, upepo unatoka mlimani. Na kutoka kwenye begi watu wametoka kweli. Dismas Indiza wa Mumias, Kenya, alianza kwa kubeba, akawa miongoni mwa wachezaji wa kulipwa wanaoheshimika zaidi Afrika Mashariki. Kwenye fyekeo mimi simjui aliyetoka. Ujuzi wa mfyekaji umelala chini, watu wanaukanyaga, na klabu zilichelewa mno kuuheshimu.

Nilirudi Msata mwaka 2009, mgongo ulipochoka. Hapa gofu haikuwa neno geni kabisa, maana kambi ya mafunzo ya Kihangaiko iko jirani, na wanajeshi walishaleta habari za uwanja wa Lugalo, ule wa mashimo 18 wa JWTZ ambao mwasisi wake ni Jenerali George Waitara. Lami ya Bagamoyo ilipofika, kilomita 64 kutoka njia panda yetu, ndipo nilipoelewa kwamba barabara hiyohiyo ndiyo inayopita Lugalo. Zamani kwenda Dar es Salaam kulikuwa kuzunguka Chalinze. Sasa unapita Kiwangwa, unanunua nanasi, na mchana uko Tegeta.

Binti wa dada yangu alisafiri kwa njia hiyo kwenda kutafuta kazi, na leo anatunza grini kwenye uwanja mmoja wa jijini. Grini za majani, hazina oili. Mwezi uliopita alikuja kunisalimia, ana glovu moja imening'inia mfuko wa nyuma wa suruali, imechakaa kwenye kidole gumba. Nilimwonyesha kile chuma namba saba, ninacho mpaka leo. Aliigeuzageuza ile raba ya baiskeli, akasimama uani, akashika.

"Shikamoo yake ni nzito, mjomba," akasema.

Nikamuuliza siku yao ni ipi. Hakunielewa. Nikaeleza: siku ya wafanyakazi, siku mnayoruhusiwa.

"Aah. Hatuna siku. Ukimaliza zamu unajiandikisha kwenye orodha kama wengine. Wiki hii nimepata Jumamosi."

"Jumamosi, na wanachama wapo?"

"Napangwa nao, mjomba. Tuko wanne. Saa nane mchana."

Nilimwomba arudie.