Amana ya Mzee wa Reli



 Wapenzi wasomaji, tumeombwa sisi wanafunzi wa zamani tuandike kumbukumbu yoyote ya siku zetu za madrasa. Wenzetu wengi huandika juu ya mashindano ya kuhifadhi Qur-aan na safari za maulidi. Sisi wanne tumekubaliana kuandika juu ya redio, kwa sababu kila tukikutana hatuwezi kuikwepa, na kwa sababu baadhi ya wazazi wetu waliisikia habari hii nusu tu.

Ilikuwa mwezi wa Rajabu 1429H, yaani Julai 2008. Kila Alhamisi baada ya darasa tulikuwa tukimchotea maji mzee mmoja aliyeishi upande wa Ziwa Kindai, hapa Singida mjini. Macho yake yalikuwa yameingia mtoto wa jicho, akawa anatutambua kwa sauti na kwa namna tunavyotua ndoo. Katika ujana wake alikuwa karani wa simu katika Reli ya Kati, stesheni ya Itigi, tangu enzi za Reli ya Afrika Mashariki mpaka Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977 na reli ikawa ya Shirika la Reli Tanzania. Kazi yake ilikuwa kupokea na kupeleka habari za treni kwa mosi, ile lugha ya nukta na mistari. Alikuwa haandiki tena wala hasomi, lakini akikaa kimya vidole vyake vilikuwa vikigonga mkono wa kiti.

Siku moja akatuambia tufungue sanduku la bati lililokuwa chini ya kitanda. Ndani mlikuwa na simu ya upepo, nzito kama debe la mahindi, imefungwa kwa kanga. Ilitengenezwa Japani miaka ya 1970, chapa Yaesu, aina ya FT-101. Alipewa na mhandisi mmoja wa visima kutoka Ulaya aliyemaliza mkataba wake na kurudi kwao. Mhandisi yule alikuwa mtu wa redio ya ridhaa, yaani wale wenye leseni ya kuzungumza hewani kwa mapenzi tu, bila biashara wala malipo. Kila nchi ina herufi zake za utambulisho. Tanzania ni 5H, na kabla yake Tanganyika ilikuwa VQ3 na Zanzibar VQ1. Mzee akasema, "Wajukuu zangu, sitaki kuongea. Nataka kusikia mosi mara moja tena kabla sikio nalo halijaondoka. Ipelekeni kwa fundi, mie nitalipa."

Tuliibeba kwa mkokoteni.

Fundi redio tuliyemwendea sokoni alikuwa mkarimu. Akatuambia hana muda wa kuifanya yeye, bali tuifanye sisi jioni kibandani kwake, naye atasimamia. Jambo la kwanza alilotufundisha ni kuogopa. Ndani ya redio ile karibu kila kitu ni transista, isipokuwa valvu tatu za upande wa kurusha, na valvu hizo zinataka umeme wa volti kama 600. Umeme huo hubaki ndani ya kapasita hata baada ya kuchomoa waya wa ukutani. Kwa hiyo akatuambia tukipima chochote, mkono mmoja uwe mfukoni, ili umeme usipate njia ya kupita kifuani. Mmoja wetu alikuwa amevaa kanzu isiyo na mfuko, akarudishwa nyumbani kubadili.

Kisha hakuturuhusu kuiwasha moja kwa moja. Kapasita zilizolala miaka zaidi ya ishirini zikipewa umeme wote kwa ghafla hupasuka. Alichukua taa ya kawaida ya wati 60 akaiunga kwenye njia ya umeme, hivyo umeme unaokwenda kwenye redio unapita kwanza kwenye taa. Taa ikiwaka sana na kubaki hivyo, ndani mna hitilafu. Ikiwaka kisha ikafifia, redio inavuta umeme wake kwa adabu. Ile taa ikawaka, tukashikana mikono, ikafifia. Alhamdulillah.

Lakini haikusema kitu. Fundi akatuonyesha kwamba redio ya zamani haifi sana kwa umeme, inakufa kwa vile vitu vinavyosogea. Mnajua upepo wetu wa Singida na vumbi lake. Vumbi lile lilikuwa limeingia kila mahali. Kadi za ndani huchomekwa kwenye nafasi zake kama daftari kwenye mkoba, na ncha zake za shaba zilikuwa nyeusi. Tulizisugua kwa vifutio vyetu vya shule mpaka zikang'aa, na jumla tulimaliza vifutio vitano. Swichi ya kubadili bendi tuliisafisha kwa spiriti na brashi, tukaizungusha huku na huku mara mia. Zile swichi ndogo za sumaku zinazobadili kutoka kusikiliza kwenda kusema, tulipitisha kipande cha karatasi safi ya daftari kati ya midomo yake tukakivuta taratibu. Karatasi ilitoka na mstari mweusi. Usitumie msasa hapo, utaondoa madini yaliyopakwa juu.

Kazi kubwa ilikuwa gia za kutafutia stesheni. Hapa inabidi tueleze kidogo. Ukizungusha kirungu cha mbele, gia hupunguza mwendo na kuzungusha kapasita yenye mabati yanayoingiana kama vidole. Katika redio hizi sauti ya mtu hupunguzwa mpaka ibaki upande mmoja tu wa wimbi, ndiyo maana ukikosea masafa kidogo sana unasikia mtu anaongea kama bata. Kwa hiyo gia zisicheze hata unywele. Waundaji hufanya hivi: gia moja huwa ni mbili zilizolaliana, katikati kuna springi ndogo zinazozivuta kinyume, ili meno yabanwe pande zote. Ustadhi wetu alituambia baadaye kwamba Muhammad bin Abi Bakr wa Isfahani alitengeneza asturlabu yenye gia za kuonyesha mwendo wa jua na mwezi karibu mwaka 618H, na kwamba ipo mpaka leo Oxford, Uingereza. Tungelijua hilo mapema labda tungeliziheshimu zaidi gia za mzee.

Grisi ya kale ilikuwa imeganda kama nta. Fundi alituagiza tuioshe kwa mafuta ya taa na mswaki, kisha tutie tone moja la mafuta ya cherehani. Siku hiyo yeye aliondoka mapema kwenda msibani. Tuliosha vizuri, lakini chupa ya mafuta ya cherehani ilikuwa tupu, nasi hatukutaka kungoja kesho. Hapa Singida kuna mafuta gani yasiyokosekana nyumba yoyote? Mmoja wetu akakimbia kwao akaleta alizeti katika kifuniko cha chupa. Hatutamtaja, na wala haifai, maana sote wanne tulisema "tia".

Siku ya kwanza gia zilikwenda kama samli. Ikapita wiki ya mitihani hatukwenda kibandani. Tuliporudi, kirungu kilikuwa hakizunguki. Mafuta ya alizeti yakikaa hewani, tena juu ya shaba, huvuta hewa na kugeuka kama varnishi. Ni yale yale mnayoyaona yamenata kwenye ubao karibu na jiko. Badala ya kuosha upya tukatumia nguvu. Tukasikia tik, na jino moja la gia likaanguka mezani.

Fundi hakupiga kelele. Aliliokota lile jino akaliweka kwenye kiganja cha mkubwa wetu, akaendelea na kazi yake. Sisi tukaenda kwa sonara, tukamsihi. Alikata kipande cha shaba, akachimba pale palipovunjika, akakipachika kwa lehemu, kisha akakipiga tupa nyembamba akiwa na kioo cha kukuzia jichoni, kwa muda wa kuanzia alasiri mpaka karibu na magharibi. Malipo tulitoa katika pesa zetu za daraja la kanzu mpya za Idi. Tukaosha gia zote tena siku tatu, tukatia mafuta ya cherehani. Na tukakubaliana kwamba mzee asiambiwe. Tulijiambia kwamba limekwisha kutengenezwa, na haoni.

Tulikaa na siri hiyo siku tisa. Darasa la jioni tulikuwa tukisoma Matn Abi Shujaa. Mlango wa wadia, yaani mali unayowekewa kama amana, uko mwishoni mwa milango ya biashara, kabla ya mirathi, nasi tulikuwa hatujaufikia. Baadhi yetu tuliona huo ni udhuru. Mmoja aliyekuwa na pupa ya kusoma akaenda mbele kimya kimya, akarudi amenyong'onyea: mwenye kushika amana hadhaminishwi isipokuwa akivuka mpaka. Hakuna aliyeuliza kama alizeti ni kuvuka mpaka.

Tuliirudisha redio mwishoni mwa Shaabani, siku chache kabla ya kufunga. Mzee alitueleza waya wa antena: mita 10 kila upande, urushwe kutoka pembe ya nyumba mpaka kwenye mwarobaini, ushuke katikati. Hizo ndizo mita za bendi ya 7 megahezi, alizikumbuka bila kuulizwa. Tukaiwasha. Bendi ya 28 kimya, 21 kimya. Tukatazamana, tukadhani tumeiua. Mzee akacheka akasema jua limelala. Baadaye tulielewa: mawimbi mafupi hurudi ardhini kwa kugonga tabaka la juu la anga linalochajiwa na jua, na nguvu ya jua hupanda na kushuka kwa mzunguko wa kama miaka 11. Mwaka 2008 ulikuwa chini kabisa. Akatuambia tungoje giza, kisha tuweke 7.

Baada ya isha ikafunguka. Kwanza kituo cha utangazaji kwa lugha ya Kihabeshi, kikali mno. Kisha watu wawili wakizungumza Kiingereza kuhusu mvua. Kisha chini kabisa ya bendi, nyembamba kama sauti ya nyenje, mosi. Mzee alinyanyua mkono tunyamaze. Vidole vikaanza kwenye kiti, midomo ikifuata herufi. "Anaita wote," akasema. "A, nne... A4. Huyo ni Omani." Hatujawahi kumwona mtu akisikiliza namna ile, uso wote ulikuwa umekuwa sikio. Mmoja wetu akasema, "Babu, tumjibu?" Mzee akatikisa kichwa. Leseni ya mhandisi iliondoka na mhandisi. Kutoka mwaka 2003 ilikuwa ni Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, inayotoa ruhusa hizo, naye hakuwa nayo wala sisi. "Kusikiliza kunatosha," akasema.

Akataka kumfuata yule wa Omani aliyekuwa akihama kidogo, akashika kirungu mwenyewe. Akazungusha pole pole. Akasimama. Akarudi nyuma, akapita tena.

"Hapa inajikwaa," akasema. "Kila mzunguko, pale pale. Pana nini?"

Redio iliendelea kulia nukta na mistari na hakuna kati yetu aliyejibu. Hatimaye mkubwa wetu akaanza, na akaeleza yote: mafuta, nguvu, jino, sonara, na zile siku tisa. Alipofika kwenye alizeti mzee aliuliza, "Mlitaka kuikaanga?" Tukacheka kidogo, tukadhani yameisha. Hayakuisha. Alitukatisha, akasema, "Jino nimewasamehe, vitu vya chuma huvunjika. Lakini mlinihesabu sioni. Hilo nendeni mkamwambie ustadhi wenu, leo." Ilikuwa karibu saa nne ya usiku. Tulikwenda, tukabisha hodi, ustadhi akatoka na taa mkononi akidhani kuna maiti.

Ramadhani yote ile tulijaza mapipa ya udhu ya msikiti kila siku kabla ya alasiri, tukiwa na saumu. Pesa za sonara mzee alitaka kuturudishia, ustadhi akakataa kwa niaba yetu. Usiku baada ya tarawehe tulikuwa tukienda kusikiliza, na mzee akatufundisha mosi. Watatu tuliishia herufi kumi au kumi na mbili. Mmoja aliijua yote.

Mzee alifariki mwaka 2013, Mwenyezi Mungu amrehemu na amsamehe. Redio iko kwa binti yake, nasi huifuta vumbi kila tukirudi Singida. Mwaka 2024, jua lilipofikia kilele chake, tuliiweka kwenye ile bendi ya 28 iliyokuwa kimya, mchana wa saa nane, ikajaa watu kutoka mwanzo mpaka mwisho. Yule mwenzetu anayejua mosi alikuwa ndiye kwenye kirungu, anazungusha na kutusomea herufi za nchi. Kila mzunguko, pale pale, mkono wake ulikuwa ukijikwaa kidogo.