Mashine Haikusema Hivyo

Kosa linalopiga kelele halinitishi. Ukiandika amri vibaya, hifadhidata inakutupia ujumbe mwekundu, inakuonyesha hadi mstari uliouharibu, unarekebisha, unarudi kwa chai yako. Ninaloogopa ni lile la kimya. Amri inakubali, orodha inatoka safi, majina yamepangwa kwa alfabeti, na kuna watu hawamo. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba hawamo. Ili ujue mtu hayupo, lazima uwe ulikuwa unamtafuta.

Hiyo ndiyo tabia ya joini. Na kwa kuwa nusu ya kodi ya keja yangu hulipwa na joini zilizoharibiwa na watu wengine (nusu ya pili hulipwa na maandishi, ile miezi ambayo wahariri wanakumbuka kulipa), nimeishi nayo karibu kiasi cha kuijua vizuri.

Kwa wewe ambaye hujawahi kukutana nayo: hifadhidata nyingi huweka vitu katika majedwali tofauti. Wanachama wana jedwali lao, malipo yana lake. Edgar F. Codd, Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi IBM kule San Jose, California, aliueleza mpango huu katika makala ya mwaka 1970. Mwaka 1974 wenzake wawili wa IBM, Donald Chamberlin na Raymond Boyce, wakachapisha lugha ambayo leo tunaiita SQL. Jina lako linaandikwa mara moja, mahali pamoja. Kwingine kote unatajwa kwa namba. Mtu akitaka kujua nani alilipa nini, anaandika kwiri, yaani swali, inayounganisha majedwali kwa namba hiyo. Huko kuunganisha ndiko joini.

Joini ya kawaida ina sharti moja tu: anayepita ni yule aliye na mwenzake upande wa pili. Ni kama harusi ya mjini ambako jina lako lazima liwe kwenye kadi na pia kwenye daftari la kamati. Likikosekana pamoja, huingii, na wanaokula pilau huko ndani hata hawajui kwamba ulikuja.

Disemba moja nilipigiwa simu na mhazini wa chama cha akiba cha wauzaji wa soko fulani hapa Nairobi. Sitakitaja. Wanachama walikuwa 214. Kila wiki wanatuma pesa kwa M-Pesa, na mwisho wa mwaka faida inagawanywa. Fundi aliyenitangulia alikuwa ametoa orodha ya mgao yenye mistari 209, na mwenyekiti akaitupa kwenye kundi la WhatsApp na maneno machache: hao watano ambao hawamo hawakulipa, mashine imesema. Kufikia jioni, waliokuwa wakilalamika walikuwa wamepita watano kwa mbali.

Mhazini alinitumia sauti ya mmoja wao, mama anayeuza viazi. Ilikuwa ya dakika tatu. Hakumtukana mtu. Alitaja tu wiki zake, moja baada ya nyingine. Wiki mvua ilipobeba kibanda, nililipa. Wiki niliyomzika ndugu yangu, nililipa, nilituma nikiwa matangani. Mwishoni akasema: basi hiyo mashine yenu inisomee na mimi, nijue ni wiki gani sikulipa.

Niliisikiliza mara mbili. Sio kwa huruma tu, ni kwamba swali lake lilikuwa sahihi kuliko tangazo la mwenyekiti. Mashine haikuwa imesema kwamba hakulipa. Haikuwa imesema lolote juu yake.

Kazi kama hii huanzi kwa kusoma kwiri. Ukianza na kwiri utaisoma mpaka ikushawishi, kwa sababu karibu kila kwiri mbovu inasomeka vizuri. Unaanza kwa kuhesabu. Wanachama kwenye jedwali lao: 214. Mistari kwenye orodha: 209. Kisha hesabu ambayo watu wengi wanairuka: wanachama tofauti kwenye hiyo orodha ni wangapi? Walikuwa 187. Watu 22 walikuwa wameandikwa mara mbili, na hao 22 walikuwa wameziba pengo la wenzao. Kwa hivyo waliopotea hawakuwa watano, walikuwa 27. Na kama pesa zingetumwa usiku ule, kuna watu wangepokea mgao mara mbili na kumshukuru Mungu.

Kisha unavunja kwiri vipande. Unaunganisha majedwali mawili, unahesabu. Unaongeza la tatu, unahesabu tena. Pale hesabu inapobadilika ndipo ulipo mlango waliotokea.

Mlango wa kwanza haukuhusu pesa hata kidogo. Chama kilitaka jina la mrithi lionekane kando ya jina la mwanachama, kwa hivyo fundi akaunganisha jedwali la warithi kwa joini ya kawaida. Mwenye warithi wawili akatokea mara mbili. Asiye na mrithi akafutika. Watu 11 walikuwa wameitwa wadeni mbele ya soko zima kwa sababu hawajawahi kuandika nani atachukua pesa zao wakifa. Niambie kama kuna mwanadamu angebuni adhabu hiyo akiwa macho.

Mlango wa pili ulikuwa namba za simu. Rekodi za M-Pesa zilikuwa na namba zinazoanza na 254. Daftari la chama lilikuwa na kila aina: 0722, +254722, 722 tupu kwa sababu Excel huona sifuri ya mbele kama uchafu na kuipangusa, na nyingine zina nafasi mbele ambayo macho hayaioni. Kwa binadamu hiyo ni simu moja. Kwa joini ni watu wanne wasiojuana. (Ukifungua namba ya tarakimu 12 kwenye Excel bila kuiambia kwamba hayo ni maandishi, inakuonyesha 2.54712E+11. Ukiihifadhi hivyo kama CSV, tarakimu za mwisho ndio zimeenda hivyo.) Hapo walipotea 8.

Watano wengine walipotea kwa njia iliyonichekesha kwa uchungu. Fundi alijua shida ya simu, na alikuwa ameandika kanuni ya kuisafisha: kila namba inayoanza na 07 igeuzwe ianze na 2547. Kanuni safi, ya mtu aliyezoea Kenya ya zamani. Lakini tangu 2019 kuna namba zinazoanza na 01, na hizo kanuni ilizipita bila kuzigusa. Waliopotea hapo walikuwa karibu wote vijana, wale wa laini mpya.

Sasa utauliza, si kuna dawa? Ipo, na alikuwa ameitumia. LEFT JOIN inasema: mlete kila mtu wa jedwali la kushoto, awe na mwenzake au asiwe naye, asipokuwa naye, acha nafasi tupu. Kwa malipo fundi alikuwa ameandika LEFT JOIN vizuri kabisa. Halafu chini, kwenye WHERE, akaweka sharti kwamba tarehe ya malipo iwe ya mwaka huo. Fikiria hapo kidogo. Mtu asiye na malipo yaliyooana naye ana tarehe tupu. Tupu sio ya mwaka huo. Kwa hivyo yule aliyeingizwa kwa mlango wa mbele kwa heshima anatolewa kwa mlango wa nyuma, na LEFT JOIN imebaki pale juu kama pambo. Sharti hilo lilifaa kukaa kwenye ON, pamoja na maelezo ya kuunganisha. Ni kuhamisha mstari mmoja. Nimeikuta hitilafu hii mara nyingi kuliko nyingine yoyote, na karibu kila mara mwenyewe anakuapia: lakini nimeweka LEFT JOIN!

Na tupu ni kiumbe cha ajabu. Huandikwa NULL, na maana yake si sifuri wala si neno lisilo na herufi. Maana yake ni "haijulikani". Uliza kama NULL ni sawa na NULL, na SQL haikujibu ndiyo wala la. Inakujibu haijulikani, na joini huchukua ndiyo peke yake. Mama wa viazi hakuwa na simu kwenye daftari. Alikuwa akilipa kupitia simu ya binti yake, na siku ya kujiandikisha hakuna aliyemuuliza zaidi. Nafasi ya simu yake ilikuwa tupu, na tupu haina mwenzake duniani, hata awe tupu mwingine.

Malipo yake nilipompata yalikuwa yametimia. Binti alikuwa akiandika namba ya uanachama ya mama kwenye sehemu ya akaunti, kila wiki, bila kukosa. Utasema kwa nini basi wasiunganishe kwa akaunti tangu mwanzo. Kwa sababu wengine huandika jina la mtoto, wengine "chama", na kuna mmoja ambaye kwa miezi minne aliandika "amen".

Njia niliyotumia kuwaita wote ni fupi, naiweka hapa kwa anayeihitaji:

SELECT w.namba, w.jina
FROM wanachama w
LEFT JOIN malipo m ON m.simu = w.simu
WHERE m.simu IS NULL;

Hii haiulizi nani yupo. Inauliza nani hajapata mwenzake. Wengine huiandika kwa NOT IN, na inafanya kazi mpaka siku ambayo kwenye malipo kuna simu moja tu iliyo tupu. Siku hiyo jibu linakuwa watu sifuri, na unalala ukijua kila mtu yuko salama.

Mwisho wa hesabu, katika wale 27, ambao kweli hawakuwa wamelipa walikuwa wawili. Mwenyekiti aliandika kwenye kundi kwamba hitilafu ya mitambo imerekebishwa. Neno pole halikuwepo.

Nilitoka chuo mwaka wa tatu, na sijawahi kuandika juu yake kwa sababu hadithi yenyewe haina tukio. Kulikuwa na vistari viwili. Kwenye tovuti ya wanafunzi, masomo mawili ya mwaka wa pili yalikuwa na kistari mahali pa maksi. Mhadhiri alisema alipeleka. Idara ikasema ilituma. Ofisi ya mitihani ikasema kwenye mfumo hakuna kitu, na kama hakuna kitu basi hukufanya mtihani. Nilikuwa na kadi ya mtihani yenye saini ya msimamizi. Karani aliiangalia kwa upole, akanirudishia. Kurudia masomo hayo ni ada, na mama alikuwa ameshachukua mkopo wa pili kwenye chama chake. Kila mwanafunzi wa chuo nchini anajua mtu ambaye maksi zake zilipotea. Tumezoea kiasi kwamba tunalisema kama tunavyosema mafua.

Sikuwa najua wakati huo kwamba kuna swali lingine. Kila tulipoingia ofisini tuliuliza: maksi zangu ziko wapi? Ukiuliza hivyo, karani anaandika namba yako ya usajili, anapata kistari, mazungumzo yanaisha. Lakini joini ina pande mbili. Kama jina langu halina maksi upande huu, basi upande ule huenda kuna maksi zisizo na mwenyewe. Mhadhiri aliandika shiti kwa mkono wake, namba zenye herufi, mikwaju na sifuri. Kitu kiliandikwa vingine, na mstari ule umekaa huko mpaka leo, yatima.

Mwaka jana mdogo wangu, aliye chuo tofauti na kile changu, alipata kistari chake. Somo moja. Nilimwambia asiulize maksi ziko wapi. Aombe kwa adabu waonyeshwe shiti ya mhadhiri, mistari yote ambayo haikupata mwanafunzi. Alikwenda mara tatu. Mara ya tatu akakuta karani kijana ambaye alivutiwa na swali lenyewe, akavuta kiti, wakaangalia pamoja. Namba yake ilikuwepo. Mahali pa sifuri palikuwa na herufi O.

Juu na chini ya mstari wake kulikuwa na mingine, kama kumi na kitu, kila mmoja na maksi zake, hakuna hata mmoja mwenye jina. Karani alirekebisha wa mdogo wangu, akahifadhi, akafunga faili.

"Na hawa wengine?" mdogo wangu akamuuliza.

"Hao hawajakuja."