Chumvi Majini, Mvua Mtoni: Kuhusu Sitiari za Muungano na Mungu

Iko kauli ambayo husikika mara kwa mara katika madarasa yetu ya fasihi linganishi, kwamba wacha Mungu wa dini zote, wafikapo kileleni, huona jambo lile lile na kulisema kwa taswira zile zile. Kauli hii ina mvuto, hasa kwetu tunaoishi katika miji ambamo msikiti, kanisa na hekalu hutazamana. Hata hivyo, nashikilia kwamba mhakiki hana budi kuitilia shaka, na kwamba sababu za shaka hiyo zimo katika kazi yake mwenyewe, yaani kusoma sitiari.

Tuchukue taswira ya maji. Katika Chandogya Upanishad, mojawapo ya Upanishad kongwe zaidi, Uddalaka anamwagiza mwanawe Shvetaketu atie chumvi majini usiku. Asubuhi kijana anaambiwa airudishe, asiione. Anaonja maji upande mmoja, katikati, kisha upande wa pili. Kote ni chumvi. Baba anamfunza kwamba uhalisi wa mwisho umeenea vivyo hivyo, hauonekani ilhali upo, na kwamba kijana mwenyewe ndiye uhalisi huo. Katika mafunzo hayo hayo mito hutoka baharini na kurejea baharini, isijitambue tena kuwa mto huu au ule.

Teresa wa Ávila naye, katika kitabu chake kuhusu ngome ya ndani ya roho alichokiandika mwaka 1577, anatofautisha uchumba wa kiroho na ndoa ya kiroho. Uchumba ni kama mishumaa miwili iliyogusanishwa hata mwali ukawa mmoja. Mishumaa hiyo yaweza kutenganishwa tena. Ndoa ni kama mvua inyeshayo mtoni, ambapo hakuna awezaye kuyabagua maji ya mbinguni na maji ya mto.

Msomaji mwenye haraka atasema kwamba hawa wawili wanakubaliana. Lakini sitiari si picha tu. Aghalabu hubeba kisa ndani yake. Mvua ya Teresa inatoka kwingine. Ilikuwa juu, ikashuka. Kuna tukio, kuna neema, kuna wawili waliokutana. Mito ya Uddalaka, kwa upande mwingine, inarudi ilikotoka, na chumvi haingojewi ifike kwa kuwa imo tayari. Kinachobadilika ni ujuzi wa mwonjaji.

Hapa lugha yetu inatusaidia kuliko tunavyodhani. Kitenzi “kuungana” kina kiambishi cha kutendana, na hakuna kutendana pasipo wawili. Ndiyo maana kinakaa vyema kando ya “kutengana”, kama mishumaa ya Teresa inavyoonyesha. Nijaribupo kulieleza somo la Uddalaka kwa Kiswahili, “kuungana” kunanipotosha. Nalazimika kusema “kutambua”. Kwa hiyo hata istilahi “muungano”, tunayoitumia kwa wote wawili, imekwisha kuegemea upande mmoja kabla ulinganisho haujaanza.

Isidhaniwe, hata hivyo, kwamba mpaka huu ni ule unaotenga Uhindu na Ukristo. Mpaka unapita ndani ya kila dini. Shankara alifundisha kwamba nafsi na Brahman si viwili. Ramanuja, aliyesoma maandiko yale yale, alishikilia kwamba nafsi hubaki nafsi hata katika ukombozi, ikimtegemea Mungu kama mwili uitegemeavyo roho. Ramakrishna wa Bengali (1836-1886) alipenda kusimulia juu ya mwanasesere wa chumvi aliyekwenda kupima kina cha bahari akayeyuka. Alipenda pia kukariri neno la wacha Mungu wanaotaka kuonja sukari, si kugeuka sukari. Kwa Wakristo, hati ya Papa Yohane wa 22 ya mwaka 1329 ililaani kauli kadhaa za Meister Eckhart, mojawapo ikisema kwamba tunageuzwa kabisa kuwa Mungu, kama mkate ugeukavyo katika sakramenti. Teresa naye aliandika kitabu cha ngome ilhali kile cha maisha yake kimezuiliwa na Baraza la Uchunguzi wa Imani. Kwa watu hawa, kitenzi kimoja kiliweza kumtoa mtu katika jumuiya yake.

Mfano unaonigusa zaidi ni wa Henri Le Saux, mtawa Mbenedikto wa Kifaransa aliyekwenda India mwaka 1948 akaitwa Abhishiktananda. Aliivutiwa kwa dhati na Advaita, na bado aliendelea kuadhimisha Misa. Shajara yake inaonyesha mtu aliyeraruliwa kwa miaka mingi. Lau njia mbili zingekuwa moja kwa urahisi tunaoudai, mateso yake yangekuwa ya bure.

Naamini kuwa heshima ya kweli kwa mapokeo haya haianzi kwa kuyatangaza kuwa sawa. Inaanza kwa kuuliza kila sitiari: maji haya yametoka wapi, na ni nani aliyebaki ukingoni kusimulia? Majibu yakilingana, na tuseme hivyo. Yasipolingana, tofauti hiyo ni sehemu ya maana tuliyopewa, na si haki yetu kuifuta kwa ajili ya amani ya darasani.