Neno moja la bibi

Test zimeisha, boom bado halijaingia, nipo zangu hall. Ngoja niandike kitu kilichonikaa kooni tangu likizo.

Juzi kwenye kipindi cha isimu mwalimu alitueleza habari za Wajerumani wa Texas. Walihamia Marekani miaka ya 1840, wakaanzisha miji midogo kama New Braunfels na Fredericksburg, wakaendelea na Kijerumani chao. Leo wanaokiongea ni wazee tu, wajukuu ni Kiingereza mwanzo mwisho. Tangu 2001 Chuo Kikuu cha Texas pale Austin kinawarekodi kabla hawajaisha. Wenzangu wakaandika notsi, mimi nikamkumbuka bibi yangu wa Kimamba.

Kimamba ipo Kilosa, nchi ya mkonge. Mkonge wenyewe aliuleta Mjerumani, Richard Hindorf, mwaka 1893. Miaka ya 50 babu, Mbena wa Njombe, akaja kuukata kama manamba. Waliitwa hivyo kwa sababu kila kibarua alikuwa na namba yake. Mashambani humo kulikuwa na Wabena, Wangoni, Wanyamwezi, na wenyeji wao Wasagara. Ili muelewane, ni Kiswahili. Baba akakulia humo, akaoa Mvidunda, wakahamia Mikumi. Kwa hiyo mimi Kibena changu ni neno moja tu: kamwene. Nilikuwa nikimsalimia bibi hivyo, yeye anaendelea na maneno marefu, mimi nacheka tu.

Basi likizo iliyopita bibi akazidiwa. Mimi na baba tukatoka Mikumi na basi hadi Kilosa, tukaunganisha Kimamba. Tukakuta Kiswahili kimemtoka kabisa. Amenishika mkono, ananisisitizia jambo kwa Kibena, narudia "ndiyo bibi, ndiyo bibi". Namwangalia baba, baba naye anaokota neno hapa na pale. Jamani, mtoto wake wa kumzaa!

Shangazi akampigia ndugu yetu mmoja, mzee wa Makambako, akaweka simu karibu na mdomo wa bibi. Mzee akasikiliza, akasema: "Anauliza kama kuni mmeingiza ndani, mvua inakuja."

Nje jua linawaka, na pale nyumbani wanapikia mkaa. Baba akajibu kwa Kiswahili, "Tumeingiza mama." Sijui kama alielewa. Siku ya tatu akafariki.

Sikilaumu Kiswahili. Bila hicho baba na mama wasingeoana, na mimi nisingekuwepo. Ila kuna kitu kinanisumbua. Neno hela limetokana na Heller, sarafu aliyoileta Mjerumani mwaka 1904. Shule nayo ni Schule, Kijerumani hicho hicho. Hela ndiyo iliyomtoa babu Njombe, na shule ndiyo iliyonifikisha hapa chuo. Mjerumani keshaondoka zamani, lakini maneno yake mawili nayatumia kila siku. Ya bibi nimebaki na moja.

Likizo ijayo naenda Makambako kwa yule mzee wa kwenye simu. Simu yangu inarekodi. Nitaanza kumuuliza kuni zinaitwaje.

Na wewe je, bibi yako akikushika mkono leo, utaelewa anachosema?

Haya, kamweneni wote.